Chakula cha Ugenini

Vijana wetu wengi husafiri kutafuta elimu, na habari wanazotuletea hazikosi malalamiko ya chakula. Hutamani wali wa nazi, mbaazi na mchuzi wa papa. Wakiandaliwa vingine huacha sahani, wakajifungia chumbani. Twaona hatari hapo si njaa, bali ni upweke, nao huweza kumrudisha mwanafunzi kwao kabla ya kuhitimu.

Katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, kijana wa Pwani hukutana na ndugu wa Afrika Magharibi. Msenegali humkaribisha kwa ceebu jën: wali uliopikwa kwa samaki, nyanya, karoti na muhogo, ukapakuliwa katika sinia moja, wote wakaizunguka. Upishi huo UNESCO iliutia katika urithi wa wanadamu mwaka 2021. Mnaijeria naye humpa fufu, huimega na kuichovya kama ugali. Nazi haimo, lakini mchele ni ule ule, na Bismillahi ni ile ile.

Mtume wetu (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula: akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha. Basi na tuwafunze watoto adabu hiyo kabla ya safari, maana azoeaye kununa mbele ya sahani ya mamake, hatashukuru mbele ya sahani ya mwenyeji. Tuwafunze na kupika, wavulana kwa wasichana, ili akirimiwaye naye aweze kukirimu.

Mola awahifadhi walioko safarini. Amin.