Stika ya bima haijui kuogelea

Watu wa Garsen, leo tuambiane ukweli hata kama unauma.

Ile stika ya bima, hata kama siku hizi iko kwa simu, haikulindi wewe. Inamlinda yule utakayemgonga, na inakupitisha kwa polisi barabarani. Basi. Ndiyo maana ya thadi pati. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inakulazimisha uwe nayo kwa ajili ya watu wengine. Gari lako mwenyewe likizama, hiyo ni shida yako.

Mjomba wangu alijifunza hili Novemba 2023. Probox yake haikuwa barabarani. Ilikuwa imeegeshwa uani, imetulia, haina kosa na mtu. Maji yakaja usiku. Asubuhi yalikuwa yamefika kwa viti. Yalipopungua, mjomba akaingia, akapiga stati. Injini ikalia mara moja, ikanyamaza mpaka leo. Akapigia ajenti wake simu. Jibu lilikuwa fupi: "Mzee, wewe ulinunua thadi pati."

Mimi ndiye nilimsomea ile karatasi baadaye, maana chuo nilikuwa nishaacha na niko nyumbani. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Kwa Kiingereza cha mawakili, lakini kimeandikwa. Hakuna aliyewahi kumwelezea. Na yeye hakuwahi kuuliza.

Sasa hapo ndipo nina hasira, na ni hasira ya pande mbili.

Kwanza sisi. Ng'ambo huko kwenye theluji, baridi ikikaribia mtu anabadilisha matairi na anaangalia bima yake. Anajua msimu unakuja. Sisi msimu wetu hatuujui? Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Na mto Tana haungoji mvua inyeshe Garsen. Maji yanatoka Mlima Kenya na Aberdare, yanajaza Masinga na mabwawa mengine ya juu, yakimwagika yanateremka mpaka kwetu. Unaweza kuwa umekaa Minjila, jua kali, vumbi tele, na mafuriko yako njiani. Aprili 2024 basi lilisombwa na maji hapa hapa kaunti yetu, abiria wakapanda juu ya paa mpaka wakaokolewa. Barabara ya kwenda Lamu, pale Gamba na Lango la Simba, ishakatika mara ngapi? Halafu mtu anasema "Mungu atasaidia" huku ana laki sita imeegeshwa kando ya mto. Mungu alikupa na akili, bana.

Pili, nyinyi wauza bima. Mnatuuzia bima ya Nairobi. Ajenti anakuja, anaandika namba ya gari, anachukua pesa, anaondoka. Haulizi gari linalala wapi. Hasemi kama mafuriko yamo ndani ya komprehensivu au ni kipengele cha kuongeza. Hasemi kuhusu eksesi, ile sehemu ya hasara utakayolipa mwenyewe hata ukiwa na bima kubwa. Hasemi kwamba ukiingia kwenye maji uliyoyaona kwa macho yako, kampuni inaweza kukuambia ni uzembe wako. Na hasemi jambo ambalo lingeokoa pesa ya mjomba: injini iliyoingia maji usiiwashe! Maji hayabanwi kama hewa. Ukipiga stati vyuma vya ndani vinapinda, na hapo hata mwenye komprehensivu anaweza kuambiwa hilo ni kosa lake, si la mafuriko. Ivute kwa fundi.

Najua mtaniambia komprehensivu ni ghali. Kweli. Tufanye hesabu: gari la laki sita, wakikuchaji asilimia 5, ni elfu thelathini kwa mwaka. Si pesa kidogo kwa mtu wa Tarasaa au Ngao. Tena kampuni nyingi hazitaki gari lililozeeka, na magari yetu mengi ni wazee. Kwa hivyo simlaumu aliyekosa. Namlaumu aliye nayo na hajauliza, na namlaumu zaidi aliyemuuzia akanyamaza.

Na msiniambie haiwezekani kutengeneza bima ya huku. Serikali ilipoanzisha mpango wa bima ya mifugo 2015, baadaye ukafika Tana River pia. Setilaiti inaangalia malisho, yakikauka kupita kiwango, mfugaji analipwa. Hakuna anayekwenda kuhesabu mizoga. Kama setilaiti inaweza kuona nyasi zetu zimekauka, itashindwa kuona mto Tana umepanda? Bima ya ukame tunayo, ya mafuriko mbona hatuna? Watu wa bodaboda, matatu na lori mko na sacco. Mtu mmoja akipiga simu hasikizwi. Sacco nzima ikienda na magari hamsini, ajenti atakaa kitako aeleze.

Kwa hivyo kabla ya Machi, na tena kabla ya Oktoba, piga simu ajenti wako. Uliza maswali manne tu. Mafuriko yamo? Yamo hata gari likiwa limeegeshwa? Eksesi ni pesa ngapi? Nikipigwa na maji, niripoti ndani ya siku ngapi? Taka majibu kwa maandishi, hata kwa WhatsApp. Usingoje maji yafike mlangoni, hakuna anayekuuzia mwavuli ukiwa umeshalowa.

Na kama huna uwezo wa komprehensivu, basi tafuta kwa jamaa aliye mwinuko, uegeshe huko msimu ukianza. Hiyo ni bima ya bure, haina ajenti.

Probox ya mjomba bado iko uani. Kuku wanataga ndani. Kila nikipita naiangalia, na stika bado iko kwa kioo.

Wewe yako inasema nini? Isome leo, uniambie hapo chini.