Tamko la Wafugaji wa Masha Kuhusu Minyoo ya Mifugo Malishoni

Sisi wafugaji wa Masha, wilayani Isingiro, Uganda, pamoja na wenzetu wakimbizi wanaofuga katika makazi ya Nakivale, tunakataa kwa kauli moja maneno kwamba minyoo inayoua mbuzi na kondoo msimu wa mvua imeletwa na mifugo ya wageni. Maneno hayo yanagombanisha majirani na hayaponyi mbuzi hata mmoja.

Mnyoo unaotusumbua zaidi ni ule unaonyonya damu tumboni, ambao wataalamu huuita Haemonchus. Jike mmoja hutaga mayai 5,000 na zaidi kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, na penye joto na unyevu, kwa muda wa wiki moja hivi, viluwiluwi huwa tayari vimepanda kwenye majani yenye umande, vingi vikibaki sentimita chache tu kutoka ardhini. Mbuzi anayekwangua nyasi fupi anavimeza. Wiki tatu baadaye naye anaacha mayai ya minyoo malishoni.

Kwa hiyo mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi kilekile wiki nzima anakula penye kinyesi chake. Tunajua viwanja vya Nakivale ni vidogo. Hata hivyo kigingi kihamishwe kila baada ya siku tatu, na asubuhi mbuzi asitolewe kabla umande haujakauka.

Tunawaomba wenye ng'ombe wasifunge malisho yao. Minyoo mingi ya mbuzi haistawi tumboni mwa ng'ombe mzima; akila nyasi hizo, anapunguza viluwiluwi. Ng'ombe wa Ankole wa mwenyeji na mbuzi wa mkimbizi wakipokezana malisho, wote wananufaika. Ndama tu ndio watengwe.

Kuhusu dawa, tunasema wazi: kukisia kipimo kwa macho na kumnywesha kila mnyama kila mwezi kunazalisha minyoo sugu. Badala yake, mfugaji afunue ukope wa chini wa mnyama. Ukiwa mweupe, au taya likivimba kwa chini, mnyama huyo apimwe uzito na atibiwe mara moja, hata kama haharishi.

Tunaiomba ofisi ya mifugo ya wilaya na Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia makazi ya wakimbizi, zilete wataalamu wa kupima kinyesi kabla ya mvua za Machi na za Septemba, na wahudumie Masha na Nakivale kwa ratiba moja.

Limetolewa Masha.