Barabara za Msituni na Daftari Lililofungwa

Katika nchi ya Marekani kuna ugomvi mkubwa juu ya barabara za misituni, nao watupasa kuufuata hata sisi tulio mbali, maana maneno yasemwayo huko husemwa kila mahali penye msitu wa Serikali na mtu atakaye kupitisha motokaa ndani yake. Wasema watakao barabara: msitu ni mali ya watu wote, msitu usio na barabara umefungwa, basi akataye barabara awarudishia watu mali yao. Maneno haya ni matamu, na walimu wenzangu wawili watatu nimewasikia wakiyarudia kana kwamba ni hesabu iliyokwisha kusahihishwa. Mimi naona kwamba ni hesabu iliyoachwa nusu. Mapato yameandikwa, matumizi hayakuandikwa.

Kwanza tuijue habari yenyewe. Misitu ya taifa ya Marekani, pamoja na nyika za majani zilizo chini ya idara ile ile, ni eka milioni 193. Yatunzwa na Idara ya Misitu, iliyoundwa mwaka wa 1905 katika Wizara ya Kilimo. Nasema Wizara ya Kilimo ili msomaji aelewe kwamba tangu mwanzo miti ilihesabiwa kuwa mazao, na mkuu wa kwanza wa Idara hiyo, Bwana Gifford Pinchot, hakuona haya kulisema. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka wa 1945 watu walitaka nyumba, nyumba zikataka mbao, na mbao zikataka barabara. Barabara zikachongwa mwaka kwa mwaka, mlima kwa mlima, hata karne ilipokaribia kwisha zilikuwa zimepita maili 380,000, yaani zaidi ya kilometa 600,000. Mtu akiziunga ncha kwa ncha zitamfikisha mwezini, na zilizobaki zitamrudisha zaidi ya nusu ya njia.

Sehemu kubwa ya barabara hizo haikuchongwa ili mzee wa mjini akatazame maua ya mwituni. Ilichongwa kwa ajili ya magogo. Tena kwa muda wa miaka mingi mnunuzi wa magogo aliyechonga barabara alipunguziwa bei ya miti kwa kadiri ya gharama yake. Maana yake watu wote, wenye msitu, walimlipa kwa miti yao wenyewe. Desturi hiyo ilikomeshwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini magogo yakiisha mnunuzi huenda zake, na barabara hubaki mlimani.

Na barabara ya mlimani haikai kama jiwe. Ubavu wa mlima umekatwa, udongo umemwagwa upande wa chini, na maji ya mvua yaliyozoea kupenya polepole katika majani yaliyooza sasa yamepata mfereji. Mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara huziba kwa matawi na mawe. Yasipozibuliwa, maji hupanda juu ya barabara na kuichukua. Tope hilo laenda wapi? Laenda mtoni, likafunika changarawe ambamo samaki aina ya samoni hutaga mayai, na mayai hukosa hewa. Mahali pengine bomba limewekwa juu mno, maji yaanguka kama maporomoko madogo, na samaki apandaye kutoka baharini afika hapo asiweze kuendelea. Katika msitu wa Clearwater, jimbo la Idaho, mvua na theluji za majira ya baridi ya 1995 na 1996 zilileta maporomoko ya ardhi zaidi ya 900. Wataalamu wa Idara yenyewe walipoyachunguza waliona kwamba zaidi ya nusu yalihusiana na barabara. Nayo si habari ya samaki peke yao, maana katika sehemu zisizo na barabara yamo, mazima au kwa sehemu, mabonde 354 yatoayo maji ya kunywa ya miji.

Sasa daftari. Mwaka wa 2001 Idara ya Misitu iliandika kwamba matengenezo yaliyoahirishwa ya barabara zake yangetaka dola bilioni 8.4. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo na habari ipo, ila wanaodai barabara mpya hawapendi ukurasa huo usomwe mkutanoni. Mtu mwenye nyumba kumi zinazovuja, akija kuomba fedha za kujenga ya kumi na moja, tutamwuliza nini?

Bwana Mike Dombeck, aliyekuwa mkuu wa Idara wakati huo, aliliuliza swali hilo, naye mwaka wa 1999 akasimamisha kwa muda uchongaji wa barabara katika sehemu kubwa ya nchi isiyo na barabara bado. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Rais Clinton aliamuru jambo hilo litazamwe kwa ukamilifu. Mikutano ya watu wote ilifanywa zaidi ya 600, na maoni yaliyopelekwa yalipita milioni moja na laki sita. Mengi, ni kweli, yalikuwa kadi zilizochapwa tayari ambazo mtu alitia sahihi yake tu, na wapinzani wakacheka. Wacheke, hata katika kura mtu hutia alama tu. Tarehe 12 Januari 2001 kanuni ikatolewa, kwamba katika eka milioni 58.5 barabara mpya zisichongwe wala miti isikatwe kwa biashara, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu kanuni hii yasingiziwa sana. Haikugusa hata theluthi moja ya misitu ya taifa. Haikufunga barabara hata moja iliyokuwapo. Haikumkataza mwindaji, wala mchungaji wa ng'ombe, wala mtu wa kutembea. Wale waliao kwamba njia ya babu zao imefungwa, mara nyingi walia juu ya kanuni nyingine, ya mwaka wa 2005, iliyoamuru kila msitu uonyeshe katika ramani ni njia zipi ziruhusiwazo motokaa. Kilio hicho sikidharau. Mtu aliyezoea njia huumia akikuta kizuizi. Lakini ailaumu ramani kwa kosa la ramani, asiitwike kanuni ya 2001 mzigo usio wake. Na akichunguza zaidi, mahali pengi ataona kwamba kilichoifunga njia yake ni daraja lililovunjika na fedha zisizokuwapo.

Wengine wasema, na wazee na vilema je? Msitu usio na barabara si wa vijana wenye miguu tu? Swali hili ni la haki kuliko yote, nami nalijibu kwa daftari lile lile. Mzee ana barabara nyingi ajabu za kumfikisha msituni. Asichonacho ni barabara nzima. Ukichukua fedha za kuitengeneza hiyo na kuzipeleka kuchonga nyingine katika genge la mbali ambalo hakuomba kufika, umemsaidiaje?

Halafu wataja moto. Tarehe 23 Juni 2025 Waziri wa Kilimo, Bibi Brooke Rollins, alitangaza huko Santa Fe kwamba kanuni ya 2001 itafutwa, na moja ya sababu zake ilikuwa kwamba yawazuia watunza misitu kupambana na moto. Sikatai kwamba mzima moto hufika upesi akiwa na barabara. Lakini kanuni yenyewe yaruhusu barabara ichongwe pale ambapo moto au gharika yatishia maisha au mali, na yaruhusu miti midogo kupunguzwa ili moto usipate kuni nyingi. Tena barabara huchukua watu, na watu huchukua viberiti; wachunguzi wameona mara nyingi kwamba mioto ya msituni huanza zaidi karibu na barabara. Anayeleta hoja ya moto hana budi kuihesabu mioto ya pande zote mbili.

Huruma yangu iko kwa watu wa miji midogo ya vinu vya mbao, ambao kinu kikifungwa shule nayo hupungukiwa watoto. Hawa wameteswa na kugeuka-geuka kwa Serikali kuliko na kanuni yoyote. Tazama msitu wa Tongass huko Alaska, mkubwa kuliko yote ya taifa, wenye eka karibu milioni 17: mwaka wa 2003 ulitolewa katika kanuni, mwaka wa 2011 mahakama ikaurudisha, mwaka wa 2020 ukatolewa tena, mwaka wa 2023 ukarudishwa tena. Nani atajenga kinu, au nani atanunua mashua ya kuvua samoni, katika nchi ambayo sheria yake hubadilika kila rais mpya aingiapo? Nao Watlingit na Wahaida, waliokuwa hapo kabla ya Idara kuzaliwa, kila mara huitwa tena kueleza yale yale waliyokwisha kueleza.

Lakini lililonichukiza zaidi ni hesabu ya siku. Kanuni ya 2001 ilipotungwa palikuwa na mikutano zaidi ya 600. Wizara ilipotaka kuanza kuifuta, ilitoa tangazo tarehe 29 Agosti 2025 na kuwaambia watu maoni yao yafike kabla ya tarehe 19 Septemba kwisha. Siku 21! Mwalimu humpa mwanafunzi muda mrefu kuliko huo kujitayarisha kwa mtihani. Hata hivyo maoni yaliyofika yalipita laki sita. Wale wanaosema msitu ni mali ya watu wote wangeonyesha kwamba waamini neno lao kwa kuwasikiliza hao wenye mali.

Basi Wizara ifanye hivi kabla ya kuchonga maili moja mpya. Itoe orodha, msitu kwa msitu, ya barabara zilizoharibika, mabomba yaliyoziba na madaraja yaliyoanguka. Iandike gharama ya kila moja na mwaka ambao itatengenezwa. Ndipo iandike pembeni barabara mpya inayotakiwa, magogo yatakayotoka, bei yake, na jina la atakayeitunza baada ya magogo kwisha. Orodha hiyo isomwe katika miji ile ile ya vinu vya mbao, na watu wapewe miezi kadhaa ya kuijibu.