Lamu si Jina la Kitabu Tu: Haja ya Kuizuru kwa Msimu Wake

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya watu wa bahari hutajwa mara kwa mara katika mihadhara ya fasihi simulizi, na aghalabu huishia kuwa mfano wa sitiari ubaoni. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa vyombo hivyo viliundwa wapi, kwa mbao gani na kwa mikono ya nani. Hali ni hiyo hiyo kwa tenzi kongwe zinazotahiniwa katika idara za Kiswahili kila mwaka. Huelea mbele ya mwanafunzi zikiwa zimechapwa kwa hati za Kirumi na kusindikizwa na maelezo, kisha mtihani ukiisha hurejeshwa rafuni. Mji na visiwa vilivyoziunda hubaki kuwa jina katika utangulizi wa kitabu.

Jina hilo ni Lamu. Hapana shaka kwamba mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya hulisikia mapema na hulitaja mara nyingi. Hata hivyo, wengi huhitimu bila kukanyaga Amu wala Pate. Wachache wanaofika huenda kwa matembezi ya siku mbili tatu: picha mbele ya ngome, punda wawili watatu wa kuchekewa, halwa ya kupelekea jamaa, kisha safari ya kurudi. Ziara ya namna hiyo si dhambi, lakini haimtofautishi mwanafunzi na mtalii. Inachohitaji taaluma ya Kiswahili ni ziara iliyo sehemu ya somo, inayofanywa kwa msimu unaofaa, na ambayo mgeni hurudi nayo na kazi huku akimwachia mwenyeji kitu.

Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Sifa hiyo imewavutia wengi, lakini mwanalugha ana sababu nyingine ya kuuzuru. Katika mtaa wa Mkomani, nyumba za mawe ya matumbawe zenyewe ni kamusi. Mgeni hupokewa kwenye daka, akapita tekani, akaingia kiwanda, kisha misana, na mwisho ndani, ambako kuta hupambwa kwa safu za zidaka. Juu ya vichochoro hupita wikio, yaani chumba au ujia unaounganisha nyumba mbili ili wanawake waweze kutembeleana bila kushuka njiani. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa kuwa upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Mwanafunzi anayesoma neno zidaka katika maelezo ya pembeni huambiwa ni vishubaka vya ukutani. Anayesimama mbele yake katika makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili huelewa kuwa ni mahali pa kuwekea vyombo vya fahari, na kwamba kidaka kitupu ni habari ya msiba.

Habari hiyo ndiyo iliyomshughulisha Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi. Utenzi huo unausuta moyo wa binadamu kwa kuuonyesha majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki mahame. Darasani huitwa utenzi wa kidini, na jina hilo si kosa. Lakini anayefika Pate kwa mashua, akapita kati ya magofu ambamo wenyeji hulima tumbaku, hutambua upesi kuwa mshairi hakubuni taswira. Aliyaona kwa macho. Kisiwani humo humo kuna Siyu na ngome yake ya karne ya 19, mji uliotawaliwa na Bwana Mataka, mumewe Mwana Kupona binti Mshamu. Utendi wa mwaka 1858 ambao mama huyo alimuusia bintiye husomwa leo kwa mabishano makali juu ya nafasi ya mwanamke, na mabishano hayo yana faida. Yangekuwa na faida zaidi kama wabishani wangeujua mji ambao utendi ulitungwa kwa ajili ya maisha yake, pamoja na vita na njama zilizomzunguka mtunzi.

Mwendo mfupi kutoka Siyu kuna Shanga. Huko, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifukua, chini ya msikiti wa mawe, mabaki ya misikiti midogo ya miti iliyotangulia, ya awali kabisa ikiwa ya karne ya 8. Mwanafunzi ambaye amekariri nadharia za asili ya Waswahili apelekwe pale, aone jinsi mji ulivyokua tabaka juu ya tabaka katika ardhi ile ile, kutoka miti na udongo hadi mawe na chokaa. Hoja nyingi zinazomaliza wino madarasani zingepata uzito mwingine.

Historia ya visiwa hivi pia imeandikwa kwa vita na kwa mashairi kwa pamoja. Mnamo mwaka 1812 au 1813, Waamu waliwashinda Wamazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate katika ufuo wa Shela. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ni zao la zama hizo. Iligeuzwa gereza kuanzia 1910 hadi 1984, na sasa ni makumbusho. Uhasama wa Amu na Mombasa haukuishia kwenye silaha, kwani Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Amu walikuwa miongoni mwa waliotumia ushairi kama silaha ya siasa. Yeyote anayefundisha malumbano ya washairi bila kumwonyesha mwanafunzi umbali mfupi uliopo kati ya ngome na ufuo wa Shela anafundisha nusu ya somo.

Ikumbukwe kuwa maeneo haya hayazuriwi kwa saa ya mgeni. Takwa, mji uliohamwa katika kisiwa cha Manda, hufikiwa kwa mkondo unaopita katikati ya mikoko, na chombo hupita maji yakijaa. Hapo kuna msikiti wenye nguzo juu ya kibla na, nje ya ukuta, kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka unaolingana na 1681 au 1682. Watu wa Shela wamedumisha desturi ya kuzuru kaburi hilo mara mbili kwa mwaka kuomba mvua. Kwa hiyo kile ambacho kibao cha makumbusho hukiita gofu, kwa wenyeji bado kina kazi. Tofauti hiyo ni muhimu kwa mtafiti wa fasihi simulizi, na haionekani ila kwa kufika kwa wakati wake.

Msimu ulio mkubwa kuliko yote ni Maulidi. Husherehekewa katika wiki ya mwisho ya Mfunguo Sita, na jina lenyewe ni somo: Waswahili huihesabu miezi kuanzia kufunguliwa kwa saumu ya Ramadhani, hivyo mwezi ambao Waarabu huuita Rabi al-Awwal huwa wa sita. Kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa takribani siku 11, msimu husogea. Mwaka 2012 Maulidi ya Lamu yaliangukia Februari, na mwaka 2025 yakaangukia Septemba. Kitovu chake ni Msikiti wa Riyadha katika mtaa wa Langoni, ulioasisiwa na Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Visiwa vya Ngazija katika karne ya 19. Yeye ndiye aliyeyapa nguvu Maulidi ya al-Habshi kwa matari na sauti za pamoja, na mafunzo yake yaliwafungulia mlango watu wa tabaka la chini, wakiwemo waliokuwa watumwa na wazao wao. Waungwana wengi wa mji hawakulipokea jambo hilo kwa furaha wakati huo. Leo mji mzima hutoka. Husomwa Maulidi usiku, hufanywa ziara makaburini kwa kasida, na mchana huwa na goma, kirumbizi, mashindano ya punda, ya kuogelea na ya mashua. Ni tamasha gani jingine nchini ambalo mwanafunzi anaweza kuona utendaji, hadhira, historia ya matabaka na mawasiliano ya lugha vikikutana katika uwanja mmoja?

Yapo, hata hivyo, yanayotishia urithi huu. Nyumba kadhaa za mawe, Amu na Shela, zimepata wamiliki wageni au zimegeuzwa hoteli. Daka likiwa mapokezi na msana ukiwa chumba nambari tatu, maneno hukosa pa kukaa. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilizinduliwa Mei 2021, na bandari huja na watu, kazi na lugha. Hayo si mabaya kwa lazima, maana Lamu ilijengwa na bandari. Tishio lililo karibu zaidi na taaluma ya Kiswahili ni lile ambalo taaluma yenyewe imelilea. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kiamu, lahaja yenye hazina kongwe ya maandishi, kilibaki nje ya mlango wa shule. Mtoto wa Amu akiandika mato badala ya macho, nti badala ya nchi au ndia badala ya njia, insha yake hutiwa wino mwekundu. Akibahatika kufika chuo kikuu, hukutana na maneno yale yale katika utenzi na kuambiwa kuwa ni hazina ya taifa. Usanifishaji ulikuwa na sababu zake na faida zake, wala hapana haja ya kuubomoa. Lakini taaluma inayomsahihisha mjukuu kwa lugha inayomtunukia babu ina deni, na deni hilo halilipwi kwa kumtaja babu katika tanbihi.

Wapo watakaopinga. Hoja ya kwanza ni gharama na umbali. Ni kweli kwamba safari ni ndefu, ila barabara ya Garsen hadi Lamu, iliyokuwa vumbi na matope kwa miaka mingi, sasa ina lami, na kutoka Mokowe mashua huvuka kwa muda mfupi. Wanafunzi wa jiolojia na wa kilimo hupelekwa nyanjani bila mtu kuuliza kama ni lazima. Hoja ya pili ni usalama. Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 yaliua zaidi ya watu 60 na kuutia mkoa mzima hofu. Hilo halipuuzwi: kila ziara ipangwe na wenyeji na kwa ushauri wa mamlaka. Aidha, kuwakwepa Waamu daima ni kuwaadhibu mara mbili. Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kwamba Maulidi ni ibada, si onyesho. Kweli tupu. Ndiyo maana anayestahili kwenda ni mwanafunzi aliyefunzwa adabu: anayejua kuvaa kwa heshima, kuomba idhini kabla ya kunasa sauti au picha, na kunyamaza panapotakiwa kimya.

Mambo manne yangeweza kuanza bila kungoja tume wala bajeti ya serikali. Kwanza, idara ziipange ratiba ya ziara kwa kalenda ya Mfunguo Sita na kwa maji kujaa na kupwa. Pili, kila mwanafunzi apewe kazi mahususi yenye alama, kama vile msamiati wa sehemu za nyumba, istilahi za mafundi wa mashua au masimulizi ya mahali. Tatu, washairi na mafundi wa Amu waalikwe kuwa walimu na walipwe kama walimu; pale ambapo angali yupo mtunzi wa kiwango cha Ustadh Mahmoud Abdulkadir, maarufu kama Ustadh Mau, ni aibu kufundisha ushairi wa Kiamu kana kwamba ni lugha ya wafu. Nne, nakala ya kila kilichokusanywa irejeshwe Lamu. Hati za mkono za Msikiti wa Riyadha zimekwisha kuhifadhiwa kwa njia ya dijitali kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza. Ikiwa London imeona thamani ya kuzitunza, vyuo vya Kenya havina udhuru wa kuchukua bila kurudisha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa muda mrefu taaluma ya Kiswahili imekuwa mgeni wa Lamu anayekula na kuondoka, na mwenyeji hajapona. Mfunguo Sita ujao utaandama kama ulivyoandama mingine, matari yatalia Riyadha, na vyombo vitapandisha matanga. Swali ni kama ufuoni watakuwapo wanafunzi wa Kiswahili wenye daftari na adabu, au watalii peke yao.