Mnahamia nje na mbwa wa watoto? Anzeni naye kabla ya tiketi

Dada yangu alipoanza kufungasha kwenda Ujerumani, kila kitu ndani ya nyumba kilipata pa kwenda. Friji ilichukuliwa na jirani, makochi yakapelekwa Morogoro kwa mama, gari likauzwa kazini kwa shemeji. Akabaki mmoja tu ambaye hakuna aliyempangia: Popi.

Popi ni mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limelala. Aliletwa akiwa mdogo ili alinde geti. Lakini mtoto wa pili wa dada, mwenye miaka minane, alimfanya ndugu. Akitoka shule, begi linaangushwa barazani na safari ya kwanza ni uani.

Usiku mmoja mezani mtoto akauliza, "Popi atakaa siti ya nani kwenye ndege?"

Watu wazima tukaangaliana. Shemeji akajibu, "Tutakununulia mwingine kulekule." Mtoto hakulia. Alisukuma sahani pembeni akaenda kukaa uani gizani.

Najua wapo wasomaji wanaotabasamu hapa. Bibi mwenyewe hajawahi kupanda ndege, leo mbwa akatiwe nauli? Mama yetu alisema hivyohivyo, na sina ubishi naye. Kila familia inajua mfuko wake. Lakini wazazi wengi siku hizi wanapata kazi au masomo nje, na swali hili linawakuta wamechelewa. Likishachelewa, mara nyingi mbwa huachiwa mlinzi wa geti, naye mlinzi akiondoka, mbwa anabaki barabarani. Hapo linakuwa suala la afya ya watoto wa mtaa mzima, nami ndiyo kazi yangu kuliandika.

Kosa lilikuwa langu

Dada aliponiuliza aanzie wapi, nilijibu kwa kujiamini. Nimeandika mara nyingi kuhusu kichaa cha mbwa, nikamwambia, "Mchanje kwanza, mengine yatafuata."

Tarehe 12 Aprili Popi akachomwa sindano. Siku hiyo daktari wa mifugo hakuwa na chipu, hivyo ikawekwa wiki mbili baadaye, 26 Aprili. Tukaona mambo yanakwenda.

Tarehe 10 Juni tulipokwenda kwa daktari mwingine kutoa damu ya kipimo, alisoma kadi ya chanjo, akairudia tena, kisha akatuuliza kwa nini chanjo imetangulia chipu. Kwa masharti ya Umoja wa Ulaya, chanjo iliyotolewa kabla ya chipu haihesabiki. Chipu ndiyo kitambulisho cha mnyama. Kama haikuwepo siku ya sindano, hakuna kinachothibitisha kwamba aliyechanjwa ni Popi na si mbwa mwingine wa rangi ya udongo.

Ikabidi achanjwe upya siku hiyohiyo, na hesabu ianze moja. Tiketi za familia zilikuwa za 20 Agosti, zimeshalipiwa. Sikuwa na la kusema ndani ya gari.

Hesabu ya miezi

Kwa familia inayotoka Tanzania, Kenya au Uganda kwenda nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, mpangilio wa mbwa au paka ni huu, na hauruki hatua.

Kwanza ni chipu. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, kinachoingizwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo. Hubeba namba yenye tarakimu 15 inayosomwa kwa mashine maalumu. Haionyeshi mbwa yuko wapi, inaonyesha ni nani.

Pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa, siku hiyohiyo ya chipu au baada yake. Mnyama awe ametimiza angalau wiki 12.

Tatu ni kipimo cha damu, angalau siku 30 baada ya chanjo. Damu hupelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Wanatafuta kingamwili, yaani askari wa mwili waliotengenezwa na chanjo. Kiwango kinachotakiwa kisipungue 0.5 kwa mililita, kwa vipimo vya kimataifa. Nchi zetu hazimo kwenye orodha ya zile zinazosamehewa kipimo hiki, kwa sababu kichaa cha mbwa bado kipo kwetu.

Nne ni kusubiri miezi mitatu, ikihesabiwa tangu siku damu ilipotolewa, si siku majibu yalipotoka. Sababu ni kwamba mbwa anaweza kuwa ameambukizwa na asionyeshe dalili kwa wiki nyingi. Miezi hiyo ni ya kuhakikisha hakuna kinachojificha.

Tano ni cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya, kinachosainiwa na daktari wa mifugo wa serikali. Mnyama anatakiwa awe amefika na kukaguliwa ndani ya siku 10 tangu kisainiwe. Kwa hiyo hakiombwi mapema, lakini ofisi itembelewe mapema ili mjue wanataka karatasi gani. Ulizeni hapohapo na kibali cha kumtoa mnyama nchini.

Jumlisha mwenyewe: siku 30 na miezi mitatu, ukiongeza siku za kutafuta daktari na kusafirisha damu, ni miezi mitano. Mimi sasa nawashauri watu wajipe sita. Kama tungeanza vizuri Aprili, Popi angeruhusiwa kuingia katikati ya Agosti, siku chache kabla ya ndege. Kwa kosa langu, tarehe yake ikawa 11 Oktoba.

Sharti la siku tano

Wazo la kwanza la dada lilikuwa rahisi: wao watangulie, Popi abaki kwangu, kisha atumwe kama mzigo akiwa tayari. Daktari akatusimamisha tena.

Mnyama wa nyumbani huhesabiwa ni wa familia ikiwa anasafiri na mwenyewe, au na mtu aliyeandikiwa ruhusa na mwenyewe, ndani ya siku tano kabla au baada ya safari ya mwenyewe. Nje ya hapo anaingia kwa masharti ya wanyama wa biashara, yenye cheti tofauti na taratibu ndefu zaidi.

Shemeji alikuwa na mambo ya nyumba ya kurudi kuyamaliza. Akaipanga safari hiyo mwishoni mwa Oktoba, arudi Ujerumani na Popi. Nauli hiyo iliuma, nayo ilitokana na wiki mbili zile za Aprili.

Wengine hawana safari ya kurudi. Kwao njia nafuu ni mzazi mmoja kutangulia na mwingine kubaki na watoto mpaka mbwa akamilike, ikiwa shule na viza vinaruhusu.

Kizimba na siku ya safari

Shirika la ndege liulizwe kabla ya kulipia tiketi ya mtu yeyote. Si kila ndege hubeba wanyama, nafasi ni chache, na mashirika mengine husimamisha huduma hiyo miezi ya joto kali. Mbwa na paka wenye pua bapa hukataliwa mara nyingi, kwa sababu hupumua kwa shida wakipata joto au hofu. Ulizeni pia kama ndege inapitia nchi ya tatu, maana hapo nako huwa na masharti yake. Na kiwanja cha kuingilia kiwe miongoni mwa vinavyoruhusiwa kupokea wanyama. Frankfurt ni kimojawapo.

Kizimba cha kusafiria kiwe na hewa pande zote, na mnyama aweze kusimama bila kugusa juu, kugeuka na kulala kama kawaida. Msikinunue wiki ya safari. Popi alikaa na chake barazani kwangu miezi miwili, mlango wazi, chakula kikiwekwa humo ndani. Wiki ya kwanza alinyoosha shingo tu, akala miguu ikiwa nje. Wiki ya tatu alikuwa analala humo bila kuitwa.

Ndugu wengi watawashauri mumpe dawa ya usingizi. Msimpe kabla ya kumuuliza daktari wake. Dawa hizo zinaweza kushusha shinikizo la damu na kuvuruga upumuaji, na huko chini ya ndege hakuna mtu wa kumtazama. Mashirika mengi humkataa mnyama aliyeleweshwa.

Wanaokwenda Ujerumani waangalie na aina ya mbwa. Nchi hiyo hairuhusu kuingiza pitbull na jamaa zake wa karibu. Wakishafika, mbwa huandikishwa manispaa na kulipiwa kodi yake kila mwaka. Shemeji alipoisikia hiyo kodi alicheka mpaka akakaa chini.

Wanaokwenda Uingereza na Marekani

Uingereza inafanana sana na Ulaya: chipu, chanjo, damu baada ya siku 30, kisha miezi mitatu. Mbwa huongezewa dawa ya minyoo aina ya tegu, inayotolewa na daktari kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kufika. Mnyama asiyetimiza masharti anaweza kuwekwa karantini hadi miezi minne kwa gharama za mwenyewe.

Marekani ilibadili masharti ya mbwa kuanzia 1 Agosti 2024. Mbwa asiwe chini ya miezi sita, awe na chipu, na fomu ijazwe mtandaoni. Tanzania na Kenya zimo kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, hivyo mbwa aliyechanjwa huku anahitaji cheti cha chanjo kilichothibitishwa na serikali, na aingie kupitia viwanja vichache vilivyoteuliwa, ambako hukaguliwa kwenye kituo maalumu. Akikosa kipimo cha damu kinachokubalika, anawekwa karantini siku 28.

Masharti haya hubadilika. Kabla ya kulipa chochote, someni tovuti ya serikali ya nchi mnayokwenda, msitegemee kumbukumbu ya aliyesafiri mwaka juzi. Wala yangu.

Kama hamwezi kumchukua

Kutomchukua si ukatili. Gharama ya Popi ilizidi tiketi ya mtu mzima, na familia yenye ada za shule ina haki ya kusema haiwezekani. Kibaya ni kumwacha bila mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takribani wote huambukizwa na mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto humkimbilia mbwa anayemjua, naye hasemi kila anapoparuzwa.

Kwa hiyo mtafutieni mtu aliyekubali kwa mdomo wake, si aliyeshindwa kukataa. Mchanjeni kabla ya kumkabidhi, na kadi ya chanjo aende nayo. Mfungeni uzazi ikiwezekana. Acheni pesa ya chanjo ya mwaka unaofuata.

Na kwa wote, wanaohama na wanaobaki: mtoto akiumwa au kuparuzwa na mbwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Sindano zikianza mapema, humwokoa.

Mwambieni mtoto ukweli

Nilipomwambia dada kwamba nitamweleza mtoto mwenyewe, kwa kuwa kosa ni langu, alikubali haraka kidogo kuliko nilivyotarajia.

Nilikaa naye uani. Nikamwambia Popi hatapanda ndege moja naye, na kwamba mama mdogo ndiye aliyekosea mpangilio. Nikamweleza chipu, sindano, damu na miezi mitatu. Alisikiliza, akauliza swali moja: "Kwa hiyo siyo kwamba hamtaki?"

Hapo ndipo nilipoelewa alichokibeba tangu usiku ule wa mezani. Watoto wanaohama wanaacha rafiki, mwalimu, bibi na lugha kwa wakati mmoja. Wanaweza kuvumilia kuambiwa "bado" na hata "haiwezekani". Ahadi ya kununuliwa mwingine huwafundisha kwamba anayependwa hubadilishwa akiwa kero, nao hujiuliza zamu yao ni lini.

Alichukua kalenda akazungushia 11 Oktoba kwa kalamu nyekundu. Ilikwenda nayo Ujerumani ndani ya begi lake la mgongoni.

Popi alifika mwishoni mwa Oktoba. Dada ananiambia hapendi baridi, hufanya haja haraka na kurudi mlangoni mbio. Mtoto hutoka naye kila asubuhi kabla ya shule.

Kadi yake ya chanjo sasa ina tarehe ya sindano ijayo, na sindano hiyo ikichomwa kwa wakati hatahitaji kutolewa damu tena. Tarehe hiyo nimeiandika kwenye simu yangu. Safari hii nimeisoma mara mbili.