Digrii ya Ufundi: Ulizeni Kwanza

Wazazi, huko India kijana aweza kusomea digrii ya ufundi. Mpango huo wa miaka 3 ulianzishwa mwaka 2014. Ulipoanza, aliyeishia mwaka wa 1 alipewa diploma. Aliyeishia wa 2, diploma ya juu.

Lakini angalieni! Kwa sheria ya mwaka 1956, si kila chuo kina ruhusa ya kutoa digrii. Tume ya Vyuo Vikuu ya nchi ile hutangaza orodha ya vyuo vyenye ruhusa, na majina ya vile vya uongo. Basi, kabla hamjauza ng'ombe mpate karo, mwombeni mwalimu awatazamie orodha hizo. Muhuri mzuri juu ya karatasi isiyotambuliwa haumfai mtoto kitu. Kuuliza si ujinga.