Akiba Haiozi: Dodoma Ilipokee Bomba, Isivitupe Visima

Mji unapokua, majengo huonekana kwanza na maji huonekana mwisho, tena yanapokosekana. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Uamuzi wa kuhamishia huko makao makuu ya nchi ulipitishwa mwaka 1973, lakini ni baada ya mwaka 2016 ndipo Serikali ilipohamia kwa kasi, na nyuma yake wakafuata watumishi, wafanyabiashara, wanafunzi na wagonjwa. Kitu kimoja hakikuongezeka: mvua. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na katika mwaka wa kawaida kiasi chake hakizidi sana milimita 600.

Kwa miongo mingi mji huu umeishi kwa maji ya ardhini, hasa yale yanayovutwa kwenye visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora lililo kaskazini mwa mji. Bonde hilo ni mashuhuri kwa wanasayansi kwa sababu kina cha maji yake kimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950, jambo lisilo la kawaida katika Afrika ya kitropiki. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55 za bonde hilo. Walichokiona kinapaswa kumtafakarisha kila anayefungua bomba Dodoma. Katika miaka mingi hakuna maji ya maana yanayoingia ardhini. Misimu saba tu yenye mvua kubwa kupita kiasi ndiyo iliyoleta takriban asilimia 60 ya maji yote yaliyorudi ardhini katika kipindi hicho, na mvua za El Niño za 1997/98 peke yake zilileta karibu moja ya tano.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha Makutupora hakijazwi hivyo. Hujazwa kwa mafuriko ya mara chache, kisha hupunguzwa kila siku, saa 24, na pampu zisizojua kama mwaka ni wa neema au wa ukame. Maji hayo ni jadidifu, yaani maumbile huyarudisha, lakini huyarudisha kwa ratiba yao, nayo haifanani na ratiba ya mji unaokaribia kuongezeka maradufu kwa miaka kumi.

Daktari yeyote wa idara ya dharura anaijua hatari ya namna hii. Kijana anayevuja damu ndani kwa ndani anaweza kuonyesha shinikizo la damu la kawaida kwa muda mrefu, kwa kuwa mwili wake unafidia upungufu. Shinikizo likianza kuporomoka, muda wa kumwokoa umebaki mfupi. Kisima nacho hutoa maji yale yale leo na kesho huku kina kikishuka. Anayetazama bomba tu ataona kila kitu ni shwari. Anayesoma kipimo cha kina ndiye ajuaye hali ya mgonjwa.

Kwa hiyo nia iliyokwisha kutangazwa na Serikali ya kuleta Dodoma maji ya Ziwa Victoria ni nia ya haki, na inastahili kuungwa mkono na watu wa afya. Si jambo la kubuni. Mradi uliochukua maji ya ziwa hilo kutoka Ihelele, mkoani Mwanza, uliyafikisha Kahama na Shinyanga, na baadaye bomba likarefushwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Miji iliyozoea kuhesabu madumu sasa inahesabu mita za ujazo. Pamoja na bomba hilo limo pia wazo la bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, ambalo lingekinga maji ya msimu karibu zaidi na mji.

Wapo wanaopinga, na hoja yao haifai kupuuzwa. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na Dodoma iko karibu na kimo hicho hicho. Lakini kati yake kuna nyanda za juu, na Singida peke yake inakaribia mita 1,500. Maji hayatateremka yenyewe. Yatasukumwa kwa umeme, mchana na usiku, kwa mamia ya kilomita, na gharama hiyo haitaisha siku ya kukata utepe. Italipwa na mteja kila mwezi. Wapinzani huuliza: je, si afadhali kuchimba visima zaidi? Jibu ni kwamba visima vipya katika bonde lile lile haviongezi maji. Vinaongeza mirija katika glasi moja. Gharama ya umeme ni kubwa, lakini huonekana katika vitabu vya hesabu. Gharama ya kukosa maji hulipwa bila risiti, na wanaoilipa ni mama anayenunua maji ya dumu kwa bei inayozidi ya bomba, mtoto anayeharisha, na muuguzi anayehudumia wodi ya wazazi kwa ndoo moja.

Hata hivyo, kuliunga mkono bomba si kuamini kwamba bomba litaleta afya lenyewe. Profesa David Bradley, aliyefanya kazi Afrika Mashariki miaka ya 1960, aliyagawa magonjwa ya maji katika makundi manne ambayo bado hufundishwa vyuoni. Kuna yanayonywewa pamoja na maji machafu, kama kipindupindu na homa ya matumbo. Kuna yanayoletwa na uhaba wa maji ya kunawa na kuoga, kama upele na trakoma. Kuna yanayotokana na viumbe waishio majini, kama kichocho. Na kuna yanayosambazwa na wadudu wanaozaliana au kuuma karibu na maji, kama malaria. Bomba likiwa na maji safi, ya kutosha na ya wakati wote, hupunguza makundi matatu ya kwanza. Likiwa na maji ya siku mbili kwa wiki na madimbwi chini ya kila kiungo kinachovuja, linaweza kuyaacha matatu kama yalivyo na kuliongezea nguvu la nne.

Mkoa wa Dodoma wenyewe umetoa funzo kwa dunia katika jambo hili. Huko Kongwa, jaribio lililochapishwa mwaka 1995 lilionyesha kwamba vijiji vilivyopewa dawa ya macho pamoja na kampeni ya kuwaosha watoto nyuso vilikuwa na trakoma kali kidogo kuliko vilivyopewa dawa peke yake. Kilicholeta tofauti ni familia kukubali kwamba uso wa mtoto unastahili sehemu ya maji yaliyopo ndani ya nyumba. Maji huzuia upofu pale tu yanapoufikia uso.

Funzo la pili linatoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Watafiti waliopima matumizi ya maji ya majumbani mwishoni mwa miaka ya 1960 walifuatwa na wengine miaka 30 baadaye, katika maeneo yale yale. Nyumba zenye bomba zilikutwa zikitumia takriban nusu ya maji zilizokuwa zikitumia awali. Mabomba yalikuwepo, maji ndiyo yaliyokuwa yakikatika. Na bomba linalokatika ni hatari kuliko linavyoonekana. Shinikizo likiisha ndani yake, kila ufa hugeuka mdomo unaofyonza unyevu wa nje, pamoja na kilichomo katika udongo ulio jirani na vyoo. Nyumbani nako familia huweka akiba katika madumu na mapipa, na dawa ya klorini iliyotiwa mtamboni huisha nguvu kabla kikombe hakijajazwa.

La tatu ni majitaka, ambayo husahauliwa kila maji safi yanaposherehekewa. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia katika nyumba ya mjini hutoka tena yakiwa machafu. Mji ukiongezewa maji bila kuongezewa mtandao wa majitaka na mabwawa ya kuyasafisha, ziada hiyo huingia katika mashimo ya vyoo, na kutoka huko ardhini. Utafiti wa miaka ya 1990 uliofanywa Dodoma ulikuta nitrati nyingi katika maji ya ardhini na kuihusisha na uchafu wa binadamu. Nitrati haichemki ikaisha. Kuchemsha huizidisha kwa kupunguza maji. Anayeathirika kwanza ni mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo, ambaye damu yake hupoteza uwezo wa kubeba oksijeni. Hivyo bomba lililoletwa ili kuvipumzisha visima linaweza, kwa uzembe tu, kuvitia sumu.

Kuna kundi dogo la wagonjwa ambao kwao mabadiliko ya chanzo cha maji ni suala la uhai na kifo: wale wanaochujwa damu kwa mashine kwa sababu figo zao zimeshindwa. Kipindi kimoja cha saa 4 hupitisha takriban lita 120 za maji karibu kabisa na damu ya mgonjwa. Maji ya ziwa kwa kawaida hutulizwa kwa shabu, ambayo ina alumini, kisha hutiwa klorini kwa kiwango tofauti na cha maji ya kisima. Mtu mwenye figo nzima hadhuriki. Mgonjwa wa figo anaweza kufa. Mwaka 1996, katika kisiwa cha Curaçao, wagonjwa 10 kati ya 27 wa kituo kimoja walikufa baada ya kuwekwa bomba jipya lililopakwa saruji kwa ndani, nayo saruji ikatoa alumini majini. Dodoma ina hospitali zinazotoa huduma hiyo. Haitoshi wahandisi wao wapashwe habari siku maji ya ziwa yatakapofunguliwa. Wanapaswa kuwa mezani tangu mradi unapochorwa.

Kutokana na haya, masharti manne yanafaa kuandikwa ndani ya mradi wenyewe, wala yasiachwe kwa hisani ya baadaye. Kwanza, zahanati, vituo vya afya, hospitali na shule za kata za pembezoni ziunganishwe kabla ya mitaa yenye uwezo wa kuchimba visima vyake. Pili, mafanikio yapimwe kwa saa za mtiririko na kwa klorini inayobaki bombani. Shirika la Afya Duniani hutaka isipungue miligramu 0.2 kwa lita mahali maji yanapochotwa, na kipimo hicho kichukuliwe katika bomba la mwisho la mtaa wa mwisho, si mlangoni mwa mtambo. Tatu, kila shilingi ya maji safi iende na fungu lake la majitaka katika bajeti ile ile.

Sharti la nne ndilo zito kuliko yote. Maji ya ziwa yakifika, kishawishi kitakuwa kuisahau Mzakwe: kupima viwanja juu ya bonde, kujenga, kuchimba vyoo. Hilo litakuwa kosa lisilorekebishika. Bomba la mamia ya kilomita linaweza kukatwa na mafuriko, kuzimwa na umeme au kusimamishwa na ubovu wa pampu moja. Siku hiyo mji wa watu wengi kuliko leo utahitaji pa kukimbilia. Bonde la Makutupora lilindwe kwa sheria na kwa mipaka inayoonekana, visima vyake vitunzwe vikiwa hai, vivutwe kwa kiasi, na mvua kubwa zikija ziachwe zishuke mchangani katika mito ya msimu, badala ya kupitishwa juu ya lami. Akiba haiozi, lakini huibwa, na huchafuliwa.

Watumishi wa afya wana sehemu yao sasa, bomba likiwa bado halijafika. Takwimu za kuharisha, homa ya matumbo na magonjwa ya ngozi zilizomo katika rejista za kila zahanati zinaweza kuonyesha kata ipi ina kiu zaidi, endapo zitapelekwa mbele ya mamlaka ya maji na madiwani, zisiishie kabatini. Mganga mfawidhi anayeuliza kila wiki kiwango cha klorini cha bomba la kituo chake anafanya tiba, ingawa hajaandika cheti cha dawa. Mgonjwa naye anayo nafasi: maji yaliyokaa dumuni yachemshwe au yatiwe dawa hata kama yalitoka bombani yakiwa safi, chombo kiwe na mfuniko, na mama wa mtoto mchanga anayetumia kisima cha uani aulize kliniki kama kisima hicho kimewahi kupimwa.

Ziwa Victoria hupokea sehemu kubwa ya maji yake kutoka mvua inayolinyeshea lenyewe, na kwa mahitaji ya Dodoma halitakauka. Kinachoweza kukauka ni uangalifu wa wanaopokea. Bomba lijengwe, na lijengwe mapema. Lakini kabla ya kuchimbwa mtaro wa kwanza, mkataba wake useme wazi ni zahanati ipi itapata maji siku ya kwanza, majitaka yataelekea wapi, na ni nani atakayewajibika kuilinda Mzakwe.